Kofi la Ngome

Hebu mpige picha akilini mwako anavyofika. Msichana mwenye mabega mapana kama mlango, anakanyaga theluji iliyoanza kuyeyuka, sanduku la matufaha begani, mpaka anasimama mbele ya nyumba ya mazoezi ya mieleka ya wanawake pale Kawaguchi, kaskazini kidogo ya Tokyo. Anabisha hodi. Mlango unafunguliwa na binti mwembamba, nywele fupi kama za mvulana, ufagio mkononi.

"Weka hapo chini," binti akamwambia. "Nani ameagiza?"

"Hakuna aliyeagiza. Hiyo ni zawadi. Mimi nimekuja kupigana."

Binti akamtazama kutoka juu mpaka chini, kisha akarudia tena, maana mtu mwenyewe alikuwa mwingi. "Una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa! Bibi we, wenzio huku wanaanza na kumi na tano. Ulikuwa umelala wapi?"

"Nilikuwa nachuma matufaha."

Ndivyo Tsuyako wa Aomori alivyokutana na Chikage wa Sakai. Chikage alikuwa na miaka kumi na sita, bado ana chunusi kipajini. Lakini alikuwa ameingia katika nyumba ile majuma machache kabla, na humo umri hauhesabiwi tangu siku uliyozaliwa. Unahesabiwa tangu siku ulipovua viatu pale mlangoni. Aliyetangulia kuvua ndiye mkubwa, na ukubwa huo hauondoki mpaka kufa. Kwa hiyo, tangu jioni ile, Tsuyako alimwita mtoto yule "dada". Alimfulia nguo, alimpakulia wali kabla ya kujipakulia mwenyewe, alimsugua mgongo bafuni. Chikage akisema neno, jibu lilikuwa moja: "Ndiyo, dada," na kichwa kinainama.

"Mwanangu, hukereki?" mama yake alimwuliza kwa simu. "Kamtoto kale kanakutuma?"

"Mama, kamtoto kale kanaruka kutoka juu ya kamba kama hakana mifupa. Kakikuangukia tumboni mara moja, hata wewe utakaita dada."

Makocha walitaka kumrudisha nyumbani mwezi uleule wa kwanza. Walisema ni mzito, ni mkubwa, hajui kuanguka. Tsuyako hakubishana nao. Aliinuka, akaanguka. Akainuka, akaanguka tena, mpaka sakafu ikamzoea. Mwenye kampuni, Bi Kuroiwa, naye alikuwa mwanamieleka zamani, na masikio yake yalikuwa yamejikunja kama uyoga mkavu kwa sababu ya kazi hiyo. Siku moja alipita kwenye mazoezi akamkuta Tsuyako amewanyanyua wasichana wawili kwa pamoja, mmoja kila bega, anawauliza wanapenda awapeleke wapi.

"Huyu haendi popote," Bi Kuroiwa akasema. "Mpeni mtu mwepesi wa kumtupa."

Mtu mwepesi alikuwa Chikage.

Pambano lao la kwanza wakiwa upande mmoja lilikuwa katika ukumbi wa michezo wa Mito, la ufunguzi, watu bado wamepanga foleni kununua tambi. Katika mieleka ya wawili wawili, mmoja hupigana na mwenzake husubiri nje ya kamba, wala haruhusiwi kuingia mpaka wagusane mikono. Tsuyako alikuwa amesimama pale nje akisubiri mkono wa dada yake, mzee mmoja akapaza sauti kutoka viti vya nyuma: "Wee mlima! Rudi kwenu ukalime!"

Tsuyako akageuka. "Njoo tukalime wote, mzee! Mgongo wako naona bado mzima!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Waliokuwa kwenye foleni wakaja na bakuli zao kuona kuna nini. Baada ya pambano, Chikage alimngojea chumbani amefura kama andazi.

"Nani amekuruhusu kuongea na watazamaji?"

"Samahani, dada."

Chikage akafungua kamba za viatu, akazifunga, akazifungua tena. "Kesho ongea tena," akasema mwishowe. "Ila toa sauti. Walio mlangoni hawakusikia."

Watu ndio waliowapa jina: Ngome na Mwewe. Ngome alisimama katikati ya ulingo, wapinzani wakamgonga na kurudi nyuma kama waliogonga ukuta. Mwewe akapanda juu ya mabega yake na kuruka kutoka huko. Miaka ile televisheni zilikuwa bado nene kama makabati, na Jumamosi jioni wasichana wa shule nchi nzima walikaa mbele yake wakijifunga taulo viunoni kama mikanda ya ubingwa. Ngome na Mwewe wakiingia ukumbini, watu walirusha riboni za karatasi, nyeupe za Ngome na nyekundu za Mwewe, mpaka refa akawa hajui aanzie wapi kuzisomba.

Mikanda waliitwaa Osaka, karibu kabisa na kwao Chikage. Baba yake, mfua visu vya jikoni, ambaye hakuwa amesema na binti yake tangu alipokimbilia mieleka, alikuja akakaa nyuma na aproni yake ya kazini. Chikage alipopewa kipaza sauti ashukuru, sauti haikutoka. Tsuyako akamsogelea, akamshika kiuno, akamnyanyua juu juu kama mtoto anayeonyeshwa gwaride. "Mzee, mali yako hii hapa!" akanguruma bila kipaza sauti. Yule baba akainamisha kichwa. Mwanamke mmoja wa viti vya mbele alilia kuliko Chikage mwenyewe.

Sasa, usidhani Tsuyako alikuwa mtu wa kijicho. Hakuwa. Chikage alitangulia kuingia, alitangulia kutoka, na kwenye mabango alisimama hatua moja mbele, kama desturi ilivyotaka. Tsuyako aliyaona hayo kama unavyoyaona majira. Mpaka siku mwandishi wa gazeti la mieleka alipomwuliza yeye, Tsuyako, anapenda chakula gani.

"Anapenda soba," Chikage akajibu.

Tsuyako hapendi soba, tambi zile za ngano nyeusi. Hajawahi kuipenda. Aliinama, akatabasamu, gazeti likaandika soba, na mashabiki wakaanza kumletea soba kila mji. Alikula zote. Na akila alijiuliza jambo moja ambalo halikuwahi kumjia kichwani: nikisimama peke yangu pale katikati, hakuna mtu wa kutangulia, watu watakuja?

Hakuwa na shaka juu ya mabega yake. Alitaka tu kujua.

Kwa hiyo, Bi Kuroiwa alipowaita ofisini akawaambia wakati wa kuachana umefika, moyo wa Tsuyako uliruka kabla ya Chikage mwenyewe kuruka. Mwisho wa pambano huamuliwa ofisini, hilo kila mwanamieleka analijua. Maumivu ndiyo hayaamuliwi na mtu.

"Watu wamewazoea," Bi Kuroiwa akasema. "Mtu akikuzoea anakwenda kununua tambi. Tutafanya Sendai. Chikage atanyoosha mkono aguswe, na wewe Tsuyako hutaugusa. Utampiga kofi. Kofi la kusikika mpaka maegesho ya magari."

"Mimi? Nimpige dada?"

"Wewe. Mdogo kumpiga mkubwa wake mbele za watu, nchi nzima itakuchukia, na wakikuchukia watakuja kukuona ukipigwa. Ukifanya sawasawa, pambano kubwa ni lako mwaka mzima. Ukiharibu," Bi Kuroiwa akajikuna sikio, "sina pa kukuweka, mwanangu. Nitaleta wawili wengine, na wewe urudi kwenye matufaha yenu."

Chikage, ambaye siku zote hujibu kwa niaba ya wawili, safari hii aliutazama kwanza mkono wa Tsuyako. Kisha akasema, "Ataweza."

Mazoezini hakuweza. Mkono ule uliobwaga majitu ulimfikia Chikage shavuni ukiwa mwepesi kama kitambaa.

"Hilo ni kofi au unanipaka poda?"

"Samahani, dada."

"Na ukiniita dada tena nitakung'oa meno!"

"Sawa, dada."

Siku ya Sendai ukumbi ulijaa hadi ngazini. Chikage alipigwa sana, kama ilivyopangwa, akatambaa mpaka pembeni, akanyoosha mkono. Riboni nyeupe zilikuwa tayari mikononi mwa watu. Tsuyako akaachia kamba. Akauangalia mkono ule. Halafu akainua wake na kupiga, na safari hii hakupaka poda. Kofi lililia. Chikage akaanguka chali. Riboni nyeupe zikabaki mikononi mwa watu.

Na hapo, ndugu zangu, mwili wa Tsuyako ukafanya ulichokuwa ukifanya kila siku ya miaka yake yote katika nyumba ile. Miguu ikajibana. Mikono ikashuka mapajani. Mgongo ukanyooka, na kichwa kikainama chini, chini kabisa, kama mdogo anavyomwomba radhi mkubwa wake.

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Kicheko kikaanza kupanda ngazi. Penye pazia, Bi Kuroiwa alijifunika uso kwa viganja viwili. Tsuyako alibaki ameinama akiyaona matufaha ya kwao moja moja, maana hakujua namna ya kuinuka.

Chikage ndiye aliyeinuka. Shavu lilikuwa jekundu, vidole vitano vinasomeka.

"Nani amekuambia uniinamie?" Hakuwa na kipaza sauti, lakini wa mlangoni walisikia. "Miaka yote nimekubeba mgongoni, lizigo wewe, halafu unanipiga na kuniomba msamaha? Hata ubaya hujui kuufanya?"

Akampiga goti kichwani palepale alipoinama. Akamvuta nywele, akamtupa nje ya kamba, akamfuata na kiti cha mtazamaji. Kicheko kikakatika kama kilichokatwa kwa kisu. Watu wakaanza kuliita jina la Ngome. Riboni nyeupe zikamwangukia Tsuyako pale chini mpaka akafunikwa, na Chikage akatoka ameshikana mikono na wapinzani, anacheka kwa meno yote huku machenza ya watazamaji yakimpiga mgongoni.

Msaliti akawa Chikage. Aliyeonewa akawa Tsuyako. Mpango wa ofisi ulipinduka kichwa chini miguu juu, na Bi Kuroiwa, akihesabu vichwa vilivyobaki vimesimama vikimwita Ngome, hakulalamika hata kidogo.

Desturi ya kazi ile ni kwamba mahasimu wa ulingoni hawapandi basi moja, hawatumii chumba kimoja, hawaonekani mezani pamoja, ili mtazamaji asiwakute kwenye mgahawa wakila na kucheka. Waliachana Sendai bila neno, na neno halikupatikana tena. Tsuyako akasimama katikati peke yake. Watu walikuja. Walikuja Sapporo, walikuja Fukuoka, walikuja mpaka viti vikaazimwa shule za jirani. Mkanda wa mapambano ya mmoja mmoja aliuvaa mara nyingi, na mara mbili alimlaza Chikage mwenyewe, kama ofisi ilivyoamua. Alitembea na kifua mbele. Waandishi walipomwuliza chakula alijibu mwenyewe: samaki wa kuchoma, na soba mpelekeeni adui yangu.

Chikage naye alinoga katika ubaya. Akina mama walimtukana stesheni, naye aliwarushia busu.

Sasa, baada ya miaka mingi, Tsuyako anaacha ulingo. Magoti yameomba ruhusa. Na katika kazi ile, anayeaga huchagua pambano lake la mwisho, na kampuni humtii, hata kama hajawahi kutiiwa maishani mwake. Kabla ya kuchagua alipanda treni hadi Sakai, kwenye duka la visu alilolirithi Chikage kwa baba yake alipoacha mieleka. Alimkuta nyuma ya kaunta, miwani puani, anafuta kisu cha samaki.

"Umenenepa," Chikage akasema.

"Nilikuwa mnene tangu zamani, dada. Ni wewe ulikuwa huangalii nyuma."

Wakacheka. Chikage akamimina chai, akamsukumia kikombe.

"Nimekuja kuuliza jambo la Sendai," Tsuyako akasema. "Ulinionea huruma ukaniokoa? Au uliona nimeanguka ukaninyang'anya nafasi?"

"Kofi liliniuma. Sikuwa na muda wa kuwaza."

"Dada."

"Sasa unataka nikwambie nini? Nikisema nilikuokoa, utasema kila ulichopata nilikupa mimi. Nikisema nilikunyang'anya, utasema nimezeeka na uongo wangu." Akaweka kisu chini. "Nichague nisimame mbele yako. Ofisi ikiamua, mimi sitasikia, na wewe usisikie. Hapo utajua kama umesimama mwenyewe au nilikusimamisha."

"Na nikikuchagua usimame upande wangu?"

Chikage akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni. "Basi nitanyoosha mkono," akasema. "Wewe uuguse, yaishe."

Mabango yanachapwa kesho. Bi Kuroiwa, mkongojo mkononi na masikio yaleyale, amekwisha piga simu: "Sema basi, mwanangu. Mbele yako au upande wako?" Tsuyako amesimama na simu sikioni, mgongo umenyooka, hana haraka wala hofu, maana vyovyote atakavyosema anajua atabaki wima. Nikuulize wewe uliyemfuata tangu mlangoni: ungekuwa yeye, dada yako ungemweka upande gani wa ulingo?