Mzaramo Aliyekaa Juu ya Mzigo

Mimi ni muuza asali. Najua mnavyotusema wauza asali, kwamba tunatia maji ya sukari, na siwalaumu, maana wapo wanaotia. Lakini hiki ninachowaambia hakina hata tone la maji. Kilinipata mimi mwenyewe, Mwingereza akiwa bado anatutawala, na shahidi wangu yu hai, anaitwa Nyamizi, sasa ni mama wa watoto. Nendeni mkamuulize. Atacheka kwanza, halafu atawaeleza.

Kila Krismasi ukoo wetu ulikusanyika kwa mama yetu, kupita Isikizya kidogo. Mimi nilitoka Isevya, nimepakiwa kwenye baiskeli ya mdogo wangu Maganga, na vibuyu vya asali mapajani. Kesho yake tuliwapeleka watoto kwenye lambo. Lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, lakini upande mmoja lilikuwa na mchanga mweupe, na kwa watoto waliokuwa wakiisikia bahari kwa majina tu, pwani ilikuwa ndiyo hiyo. Tulibeba kuku wa jana, matobolwa, vile viazi vya kuchemsha vilivyokaushwa, ya kutafuna na vikoi vya kukaushia watoto, tukashinda huko mpaka jua literemke.

Watoto walikuwa tisa. Niliwahesabu tunatoka nyumbani, nikawahesabu tulipofika. Mke wa Maganga akanicheka.

"Wifi, hao si vibuyu."

"Vibuyu havina miguu," nikamwambia, "na bado navihesabu mara mbili."

Basi jioni, tunakusanya vyombo, manyunyu yameanza, nikahesabu: wanane. Nikarudia. Wanane. Nyamizi, binti wa Maganga, wa miaka sita, hayupo.

Tulitazama maji kwanza. Nani asingetazama maji? Lakini nyayo zake zilitoka majini, zikapanda mchanga, zikaelekea nyuma ya lambo, kwenye njia ya zamani ya misafara. Ni ile waliyopita babu zetu na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Tangu reli ije hakuna aliyeishughulikia, nyasi zimeimeza, ila ukisimama pembeni unauona bado mfereji uliochimbwa na miguu ya watu. Wifi akabaki na wale wanane. Mimi na Maganga tukafuata nyayo. Zilikuwa za mtoto peke yake, lakini zilitembea sawasawa, bila kuzungukazunguka, kama za mtoto aliyeshikwa mkono.

Hatukwenda mbali. Mwanamume alikuwa amekaa juu ya mzigo uliofungwa kwa jamvi, kanzu imechakaa, kofia ya kushona kichwani. Nyamizi amesimama mbele yake, macho wazi, hatuoni. Kichwani amewekwa kata ya majani, ile pete ya kubebea mzigo. Sisi tumelowa, mtoto amelowa. Yule bwana alikuwa mkavu kama unga.

Mtu wa namna hiyo utamwambia nini? Habari za jioni?

Akaanza yeye. "Mnyamwezi! Nimekamata kitu chako. Mzigo wangu hauna wa kuubeba, na huyu ana shingo nzuri."

Maganga akanyanyua fimbo. "Mwachie mwanangu, mshenzi wewe!"

Nyamizi akapiga hatua kuuelekea mzigo. Maganga akafoka tena, kwa matusi ya nguoni. Mtoto akainama, akaushika mzigo kwa mikono miwili, na yule bwana akainuka kidogo kumpisha, anatabasamu.

Hapo ndipo nilipoona. Kila tulipokasirika, mtoto alizidi kuwa wake. Na mimi lafudhi ile naijua, ya watu wa pwani wanaokuja kununua asali Isevya na kunitukana bila kunitukana.

"Maganga, nyamaza. Huyu ni Mzaramo. Ni mtani."

"Dada, huyu ni maiti!"

"Basi ni mtani maiti. Shusha fimbo, cheka."

Nyinyi mnajua utani, lakini wapo vijana wanaodhani ni maneno ya kuchekesha tu. Babu zetu walipopita kwa Wazaramo na mizigo walikula huko, wakaugulia huko, wakazikwa huko, na toka hapo wao na sisi ni watani. Mtani anaweza kukamata kuku wako mbele ya macho yako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Unamtukana, anakutukana, mnapatana bei, unakomboa kitu chako. Ukikasirika umevunja utani, na kitu kimekwenda. Hata msibani mtani ndiye anayekuja kumcheka maiti na kuzuia maziko mpaka alipwe. Maganga alisoma shule ya misheni, akawa karani, mambo haya yakamtoka kichwani.

Nikashika kiuno.

"We Mzaramo! Mzigo wenyewe huo mdogo, ukaona bora ufe kuliko kuubeba?"

Alicheka. Kicheko kikavu, kama njugu kwenye kibuyu. Na Nyamizi akaondoa mkono mmoja kwenye mzigo.

"Ndui ilinishika," akasema. "Wenzangu wakanilaza hapa, wakaniambia watarudi."

"Wangerudia nini, uso huo? Walikuzika?"

"Nani anizike?"

"Mtani alikuja?"

Akatazama chini. Miaka yote niliyokaa sokoni, nimejifunza kutazama macho ya mteja yanapoangukia. Huyu mtu hakuwa na haja ya mbebaji. Alikufa bila mtani wa kumcheka, ndiyo maana hakuwa amemaliza kufa.

Kwa hiyo nilifanya kile mtani anachofanya msibani. Nilimpita, nikalala chali pale nyuma ya mzigo wake, palipobonyea kwa urefu wa mtu, kwenye matope, na kitenge changu kipya cha Krismasi. Nikafumba macho.

"Kaburi hili nimelikamata," nikasema. "Hakuna kuzika mpaka nilipwe. Maganga, lia!"

"Nilie nini?"

"Mlilie huyu mvivu!"

Maganga, karani mzima, akajipiga kifua. "Ooo, Mzaramo, umetuachia nazi, nani atazikuna!" Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini alilia vizuri. Yule bwana akajishika mbavu.

"Toka, Mnyamwezi, nakupa jamvi."

"Limeoza."

"Kibuyu cha tumbaku."

"Sivuti."

"Ushanga. Ushanga wa Zanzibari, mwekundu."

Nakiri nilifumbua jicho moja. Ulikuwa ushanga mzuri. Ardhi chini yangu ilikuwa baridi, ubaridi usio wa mvua, na mgongo wangu ulikuwa unazama polepole. Nikafumba tena.

"Bei yangu ni mtoto. Sipunguzi."

"Basi mchukue mtoto!"

"Pamoja na kata yake."

"Na kata yake!"

"Na nyongeza?"

"Nyongeza gani tena, mwanamke?"

"Mtoto yeyote apitaye njia hii, wa kwangu au wa mwingine, usimguse."

Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye mzigo. "Chukua! Chukua yote, unipishe nilale!"

Nikainuka. Yeye akalala pale pale nilipotoka, akajinyoosha kama mtu aliyefika nyumbani, na nilipopangusa matope machoni palikuwa na nyasi tu, na kipande cha jamvi lililooza.

"Shangazi," akasema Nyamizi, "mbona umechafua kitenge?"

Tulimfukia kwa mikono pale alipolala, tukimtukana mpaka mwisho. Tukarudi lamboni tunaimba, mtoto mabegani kwa baba yake. Nikahesabu tisa, nikarudia, tisa, na mama alipofungua mlango nikahesabu tena kwa sauti ili asikie.

Tangu siku ile Nyamizi akiweka ndoo kichwani anaweza kukimbia nayo, haimwagiki. Kata anayo mpaka leo, haijakauka wala kuoza. Na kila mwaka, kesho ya Krismasi, watoto wa ukoo wetu hawaendi kuogelea mpaka wapite kwanza kwa Mzaramo wamwambie jinsi alivyo mvivu. Hajawahi kujibu. Analala.

Lakini njia ile ni ndefu, na wenzake waliolazwa kando ya njia ni wengi. Ukikutana na mgeni mkavu kwenye mvua, amekamata kitu chako, usinyanyue fimbo. Muulize kabila lake. Mtukane kama ndugu. Na akianza kupandisha bei, usiinuke hapo ulipolala mpaka umepata nyongeza.