Daktari wa Muuzaji

Mwanangu, ulipokuja jana kunionyesha kwenye simu yako video ya yule mtamba wa Kenya, nilikusifia rangi yake nikanyamaza. Usidhani nilichoka. Nilikuwa nakumbuka siku niliyosimama mlangoni kwa Mzee Kasiani na picha za ng'ombe mkononi, nikiwa na umri kama wako na haraka kama yako.

Mzee Kasiani alikuwa bwana mifugo aliyestaafu, mtu wa Mahenge, akiishi hapa Kisawasawa nyumba ya nne kutoka kwetu. Mimi nilikuwa nimeoa mwaka wa pili. Shemeji yangu Longino, dereva wa malori, ndiye aliyenipatia muuzaji huko ng'ambo ya mpaka. Wakati ule picha zilikuja kwenye bahasha, akaniletea mpaka stendi ya Kidatu. Ng'ombe mweusi na mweupe, mimba ya miezi mitano, na cheti kilichogongwa muhuri kwamba mnyama ni mzima kabisa. Nilikikunja kile cheti kama hati ya kiwanja.

Nikamwamkia shikamoo, nikampa vile vitu. Picha alizipita haraka. Cheti alikisoma mara mbili.

"Huyu daktari nani kamtafuta?" akaniuliza.

"Muuzaji, Mzee."

"Nani kamlipa?"

"Muuzaji."

"Basi ni daktari wa muuzaji. Wewe wako yuko wapi?"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akaniambia yuko mwenzake waliyesoma naye chuo, anafanya kazi upande ule ule wa Kenya. Atampigia simu aende kumwona ng'ombe, achukue damu, aipeleke maabara. Wiki mbili, labda tatu.

"Kuna mnunuzi mwingine anamtaka, Mzee. Nikingoja wiki tatu namkosa."

"Utamkosa, ndiyo," akasema. Akanirudishia bahasha yangu.

Nilitoka pale nimeudhika. Nilimwona mzee anayetaka kila jambo lipite mikononi mwake. Baada ya siku chache nikamwambia Longino amchukue, ng'ombe akaja.

Nisiseme uongo, alikuwa mzuri. Watu walitoka mpaka barabara kuu kuja kumtazama. Mke wangu Bernadeta alimkatia majani mwenyewe asubuhi na jioni, akamzoea kiasi cha kumwita kwa mluzi. Mama Otilia, jirani yetu mjane, alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa kienyeji, mwenye mimba. Wakawa wanakunywa kwenye pipa moja na wa kwetu. Hatukuona shida yoyote.

Miezi miwili hivi ikapita. Asubuhi moja Bernadeta akaniita bandani. Ndama alikuwa ametoka kabla ya wakati wake, amekufa, na kondo la nyuma limekwama ndani. Hatukujua kitu. Bernadeta alikunja mikono ya gauni akalivuta kwa mikono mitupu, mimi nikichimba shimo kando ya mgomba. Sikulichimba refu. Mbwa walilifukua, wakatawanya mabaki mpaka uani kwa Mama Otilia.

Hapo ndipo nilipomwita Mzee Kasiani. Alikuja bila kusema "nilikwambia." Alimkagua ng'ombe, akainama kusoma namba ya hereni sikioni, akaniomba cheti. Namba hazikufanana. Kile cheti kilikuwa cha ng'ombe mwingine, mwanangu, na mimi nilikuwa nimekitunza miezi miwili bila kuinua sikio moja la mnyama. Akachukua damu, akaipeleka Morogoro. Majibu yalirudi: ugonjwa wa kutupa mimba. Hauna tiba kwa ng'ombe, na binadamu anaupata.

"Mwambie Mama Otilia leo," akasema Mzee Kasiani. "Amtenge ng'ombe wake, na maziwa wasinywe bila kuchemsha."

Nikaitikia. Sikwenda. Siku hiyo sikwenda, na kesho yake sikwenda. Niliona aibu, kijiji kizima kilikuwa kimekuja kunipongeza. Nikajiambia huenda ng'ombe wake hakupata. Siku ya sita ng'ombe wa Mama Otilia naye akatupa.

Mzee Kasiani aliposikia alinifuata shambani.

"Ulimwambia?"

"Bado, Mzee."

"Naweza kwenda mimi," akasema. "Lakini nikienda mimi, utakuwa umemkosea mara mbili."

Nilikwenda mchana ule ule. Mama Otilia alikuwa anapepeta mchele. Nilimweleza yote: picha, cheti, majibu, siku sita. Ungo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Mkeo anaendeleaje?" akauliza. "Juzi nilimwona kisimani anashika kiuno."

Nilikuwa sijamtazama mke wangu. Bernadeta alikuwa na homa ya kuja na kuondoka, jasho, na viungo vinavyouma. Tulidhani malaria, akawa anameza dawa za malaria. Tulimpeleka hospitali Ifakara na majibu ya ng'ombe mkononi, wakampima, wakaukuta. Alitumia dawa majuma mengi. Alipona, lakini msimu wote ule wa mpunga hakuingia shambani, na kiuno kinavyomsumbua mpaka leo unaona mwenyewe.

Ng'ombe wetu aliuawa akafukiwa, safari hii shimo refu. Wa Mama Otilia vilevile. Nilimtafutia mwingine, ilinichukua misimu miwili.

Baadaye sana nilinunua tena kutoka huko huko, kwa kupitia yule mwenzake Mzee Kasiani. Alikwenda, akanipigia simu: "Huyu mwache." Wa pili: "Huyu naye mwache." Nilimlipa mara zote mbili, na sikuwa na ng'ombe. Wa tatu akasema, "Huyu mchukue." Watu wanafikiri daktari unamlipa ili akuambie ndiyo.

Kwa hiyo nakwambia hivi, mwanangu. Video ni nzuri, na muuzaji huenda ni mtu mwema; mimi simjui, wala wewe humjui. Tafuta daktari wa mifugo kule, mwenye leseni, asiye na biashara na muuzaji wala undugu naye. Umlipe wewe, na majibu ya damu yaje kwako moja kwa moja. Asome namba ya hereni mbele ya kamera, ifanane na cheti. Fuata kibali cha kumwingiza nchini. Akifika, mtenge kwanza, apimwe tena kabla hajagusana na ng'ombe wa mtu. Muuzaji akikataa daktari wako, umeshapata jibu bila damu. Na likitokea baya hata hivyo, mwambie jirani siku ile ile.

Mungu akupe mnyama mzima, mwanangu, na banda lenye maziwa. Akupe na moyo wa kungoja wiki tatu.