Chuma Chenye Kiu

Katika miaka ile ya thelathini, nyumba yenye stima pale Kabati ilikuwa moja tu, na mimi nilikuwa mpangaji ndani yake. Naitaja habari hii kwa majivuno ambayo hayajanitoka mpaka leo, ingawa stima haikuwa yangu, nyumba haikuwa yangu, na chumba changu cha uani hakikuwa na taa. Nilisoma kwa koroboi kama Kitui nzima. Tofauti ni kwamba mimi nilisoma kwa koroboi nikiwa nimezungukwa na maendeleo.

Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara Mwislamu ambaye babake alipanda kutoka pwani zamani za misafara, akaoa Kitui na kuzikwa Kitui. Mwana alikuwa na duka, lori moja, na ua mpana nyuma ya nyumba ambamo wauza mifugo kutoka kaskazini mashariki walipumzisha ng'ombe wao na miguu yao. Nilimwita Mzee, ingawa mvi zake zilihesabika. Mkewe alitoka Makindu, katika ukoo uliofika huko pamoja na reli, naye nilimwita Mama. Wao waliniita Mwalimu, mara nyingine kwa heshima. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu huko kusini, nafundisha shule ya karibu, na kila mtu alidhani najua kila kitu. Sikuona sababu ya kuwakatisha tamaa.

Stima yenyewe ilitoka kwa mzungu wa shamba la mkonge upande wa Kibwezi, aliyekuwa anauza vyombo arudi kwao. Mzee alileta kwa lori injini ya petroli, dainamo, betri za vioo na balbu zilizofungwa kwa majani makavu kama mayai. Mwisho wa mzigo kulikuwa na redio, ambayo watu wakati ule waliiita simu ya upepo. Ili redio isikie, waya mrefu wa antena ulitoka kwenye paa ukaenda mpaka kwenye nguzo ndefu mwisho wa ua. Hakukuwa na kitu kirefu kuliko nguzo ile kutoka hapo hadi mlimani, na radi haihitaji kuonyeshwa mara mbili.

Ilikuja na mvua ya kwanza ya mwaka wangu wa kwanza. Iliteremka kwenye antena, ikapasua redio, ikaingia kwenye waya za nyumba, na dari ya turubai ikashika moto. Sasa, katika kila nyumba yenye stima kuna fyuzi, kijiwaya chembamba kinachokatika mkondo unapozidi, ili kife chenyewe na nyumba ipone. Mzee alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na fyuzi. Betri zilikuwa zimezeeka, haziwezi tena kumeza ziada. Kwa hiyo kila mara watu walipozima taa kwa pamoja, injini ilichomoka mbio, umeme ukapanda, fyuzi ikakatika. Alichoka. Aliitoa akaweka waya wa kufungia marobota ya nguo. Aliniambia fyuzi ni mlinzi mwoga, akisikia kishindo kidogo anaanguka, naye alitaka mlinzi wa kusimama. Basi mlinzi alisimama, na moto ukampita kwapani.

Mama ndiye aliyeuzima. Alitumia maji ya mtungi, yaliyotoka kwenye visima vya mchangani mtoni, kwa punda, safari ya nusu siku wakati wa kiangazi. Moto ulipokwisha alikaa kwenye kizingiti, kanga yake ina masizi, akazungumza na mumewe bila kuinua sauti. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo tupu, nikijaribu kuonekana kama mtu ambaye amesaidia.

"Nimezima huu kwa maji ya kunywa," alisema. "Moto ukiingia tena ndani kwa waya zako, mimi narudi kwetu Makindu. Wewe na taa zako mbaki mkitazamana."

Mwanamke mwingine angesema hivyo kila Ijumaa na asiondoke. Huyu, katika miaka yote ya ndoa, hakuwa ametishia lolote, na Mzee alijua maana yake. Siku kadhaa alizunguka dukani akipima sukari vibaya. Kisha akaja chumbani kwangu, akakaa kwenye kiti changu cha pekee, akanieleza shida yake kwa ufupi wa mfanyabiashara.

"Mwalimu, wewe umesoma. Mimi nataka vyote viwili."

Nikamuuliza ni vitu gani hivyo viwili.

"Mke na stima."

Nikamwambia inawezekana. Nilisema hivyo kwa uhakika wa mtu aliyesoma historia na fasihi, na fizikia mwaka mmoja kwa kuwa ratiba ilimlazimisha. Lakini nilikuwa sahihi. Nafasi za kuandika maneno hayo si nyingi maishani mwangu, kwa hiyo msomaji aniruhusu kuyarudia: nilikuwa sahihi.

Tulianza na mepesi. Waya wa marobota tuliutoa, fyuzi ikarudi kazini pake, na Mzee akaapa kutoigusa. Tukaweka sheria ya kulala: taa zizimwe moja moja, kwa utaratibu, injini ipewe muda wa kutulia kati ya taa na taa. Kwa hiyo wauza mifugo waliolala pale walishuhudia kila jioni nyumba ya Kiislamu ikizimwa kwa hatua kama ibada ya dini wasiyoijua. Mwisho nikafunga swichi kubwa ya shaba ukutani, kando ya dirisha, mahali antena ilipoingilia. Ukiisukuma juu, antena inaongea na redio, ile ya pili aliyonunua Mzee badala ya iliyopasuka. Ukiivuta chini, antena inaachana na nyumba kabisa na kushikana na waya mnene unaokwenda ardhini. Radi ikija, ina njia yake ya nje. Haina haja ya kupitia sebuleni.

Hapo kwenye ardhi ndipo Kitui iliponikumbusha mimi ni mtoto wa wapi.

Radi haiingii kwenye udongo mkavu kwa hiari. Inataka unyevu. Nilijua hilo, basi nikapigilia bomba la chuma chini ya ukingo wa paa la mabati, nikiwaza kwamba maji ya mvua yakichuruzika yatalilowesha. Mtu aliyezaliwa Ukambani, akanyonyeshwa Ukambani, aliwaza hivyo. Katika nchi yetu hakuna tone la paa linaloachwa liguse chini. Mfereji wa bati uliyakusanya yote ukayapeleka kwenye tangi, na bomba langu lilisimama pale chini kavu kama fimbo ya mchungaji. Na hata kama paa lingevuja, radi mbaya ndiyo ile ya kwanza, inayokuja kabla ya mvua yenyewe, wakati ardhi imekauka kupita siku zote za mwaka.

Nilileta kutoka kabati la shule kipimo cha umeme, ambacho sindano yake huruka ardhi inapopitisha mkondo. Nilichomeka chuma kingine mbali kidogo, nikaunganisha betri, nikatazama. Sindano haikujisumbua. Nikachimba kulizunguka bomba, nikajaza makaa yaliyopondwa na chumvi, kama vitabu vinavyoshauri. Sindano ikajinyoosha kidogo, kama mtu anayegeuka usingizini. Nikamimina debe zima la maji. Ikaruka. Nikafurahi mpaka nikasema neno kwa Kiingereza.

Niliponyanyua kichwa, Mama alikuwa amesimama mlangoni anatazama debe.

"Mwalimu," alisema, "umekiwekea makaa, umekiwekea chumvi, sasa umekiwekea maji. Kilichobaki ni nyama."

Nikamweleza, kwa adabu na kwa urefu. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wanafunzi wangu hawakuwa wakilifanya. Kisha akauliza debe lile litatosha siku ngapi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Kesho yake tulikwenda pamoja kupima, yeye na mimi, na sindano ilikuwa imelala tena. Mchanga wetu hautunzi maji ya mtu.

"Kwa hiyo kinataka debe kila siku," alisema.

Nikakiri kwamba kiangazi, ndiyo, karibu hivyo.

"Sisi wenyewe, maji yakikosekana, dini imeturuhusu kutayamamu, udhu wa mchanga. Basi na chuma chako kitayamamu."

Akaingia ndani. Mzee, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya gunia la mahindi, hakucheka. Mawingu ya mwezi wa kumi na moja yalikuwa yameanza kuonekana mbali upande wa mashariki, na alikuwa ameona mkewe akikunja nguo za safari kwenye sanduku, taratibu, bila hasira, kama mtu anayejiandaa kwa jambo la kawaida.

Neno lake la kutayamamu ndilo lililonifungua, ingawa alilisema kunifunga. Nilikuwa nimekaa uani jioni hiyo nikitazama wageni wakitia udhu. Kulikuwa na jiwe pana kando ya ua, na hapo kila mtu wa nyumba ile, na kila dereva, na kila muuza ng'ombe mwenye vumbi la kutoka Garissa mpaka magotini, alinawa mara tano kwa siku. Walitumia maji kwa uangalifu, birika dogo kwa mtu, lakini watu walikuwa wengi na swala hazikusubiri masika. Maji yalitoka kwenye jiwe yakafuata kijifereji mpaka kwenye mpapai, mbali na mahali pa kunawia kiasi cha ng'ombe wawili kulala. Mpapai ule ulikuwa kitu pekee cha kijani ndani ya ua. Nilikwenda nikachomeka chuma karibu na shina, kisiri, na kipimo chini ya koti. Sindano ikaruka hata bila kubembelezwa.

Nilimweleza Mzee. Alifikiri, kwanza juu ya dini. Akaamua kwamba maji yakishatoka kwenye mwili wa mtu hayana kesi tena na mtu. Halafu akafikiri juu ya jambo gumu zaidi.

"Maji ni ya mpapai," alisema, "na mpapai ni wa Mama."

Basi nikaenda kwa Mama. Alikuwa anachambua mchele, na hakuacha. Nikamwambia sitaki hata kikombe cha maji yake. Nataka yale ambayo yamekwisha tumika. Nikamwambia wazi pia upande mbaya wake, maana nilimwogopa kuliko radi: kwamba mawingu yakinguruma, mtu yeyote asinawe jiweni, anawe barazani, na kwamba radi ikipita pale, mpapai unaweza kufa.

"Unaweza, au utakufa?"

"Utakufa, Mama."

Akatoa kokoto kwenye mchele, akaitupa. Ulikuwa mpapai wake mwenyewe, mbegu kutoka Makindu kwa mamake. Akaniambia nichimbe, ila nisikate mzizi hata mmoja, ili kama utakufa, ufe kwa radi na si kwa mwalimu.

Tulizika sahani ya shaba pale, pana kama sinia, tukaivutia waya mnene kutoka kwenye swichi. Mzee alimfundisha mkewe kuivuta swichi. Hakutaka kuigusa. Alisema shauri la waya ni la mwenye waya.

Lakini mwenye waya alikuwa amekwenda kijijini Tulia kununua mbuzi siku mbingu zilipofunga. Ilikuwa alasiri, mimi niko shuleni, na nilipoona rangi ya mashariki nikaacha darasa katikati ya sentensi na kukimbia. Nilikuwa na mwili wa chuo kikuu. Sitasema nilikimbia vizuri. Nilikuwa bado kwenye mabanda ya soko wakati mwanga ulipopasuka juu ya ua wetu na sauti ikaja pamoja nao, bila nafasi kati yao. Punda wa mtu alikaa chini.

Nilifika natazamia moshi. Hakukuwa na moshi. Kulikuwa na mvuke unaopanda pole pole kutoka kwenye udongo mbichi chini ya mpapai, na majani yake yalikuwa yameinama yote kwa pamoja, yamebadilika rangi kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Wauza ng'ombe walikuwa barazani wananawa, kila mmoja na birika lake, wamegeuza uso ukutani. Ndani, swichi ilikuwa chini. Mama alikuwa amesimama kando yake na mwiko mrefu wa mti mkononi, ule wa kusongea sima ya watu wengi. Aliivuta kwa huo. Nilikagua redio, nikakagua fyuzi, nikakagua betri moja baada ya nyingine. Vyote vizima. Hata harufu haikuwemo.

Nilitaka kusema jambo linalofaa. Yeye alitazama nje kwenye mpapai. Mvua ilikuwa sasa inanyesha sana, inajaza tangi.

"Huo umekwisha," alisema.

Mzee alirudi jioni, ameloa yeye na mbuzi. Alipita moja kwa moja mpaka chumba cha kulala, na najua alikwenda kutazama sanduku, kwa sababu alitoka akiwa na uso wa mtu ambaye hajapata jibu. Sanduku lilikuwa pale, limefungwa. Sanduku lililofungwa halisemi kama lina nguo ndani. Akaenda bandani akawasha injini, taa zikawaka moja moja kwa sheria yetu, na tukakaa sebuleni watatu, mimi nikiwa nimealikwa chai kama shahidi.

Mama aliingia na buli. Akamimina, akakaa, akatazama balbu juu ya meza kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akiitazama kabla, kama mtu anayepima kitambaa.

"Mwalimu," alisema, "jikoni kwangu huwa giza mapema. Waya huu unafika?"

Mzee aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa. Nilijibu kwamba unafika, ila itabidi kwanza nipime umbali, nihesabu mzigo wa dainamo, nitazame kama fyuzi...

"Pima," alisema. "Na uiweke juu ya meko, si mlangoni. Sitaki kuwamulikia wapita njia."