Vipande Vinne

Kwenye kituo cha utafiti wa mimea walimwita Bwana Nukta. Kivuli cha mdudu alikichora kwa nukta, si kwa mistari, na maneno yake nayo aliyatoa moja moja, kama mtu anayeogopa yatamwishia. Kwa miaka ishirini na sita alichora wadudu waharibifu. Kitindamimba wake alirithi mkono huo, akapewa meza ya pili, ile ya dirishani.

Kazi ya mwisho ya binti huyo ilikuwa kunguni wa mimea, yule mwenye mgongo kama ngao, ukimgusa anaachia uvundo wa kukutoa chumbani. Alimpatia kwelikweli: pembetatu katikati ya mgongo, mabawa yaliyopishana nyuma yake. Jumatatu homa ikamshika. Ijumaa wakamzika.

Wiki tatu baadaye baba alirudi kazini. Mkuu wa kituo, mama mpole, akausogeza ule mchoro kwenye mwanga.

"Mzee wangu, nisamehe. Vipapasio hivi vina vipande vinne. Si vinatakiwa vitano?"

"Vitano."

"Kumbe uliona?"

"Niliona siku ileile. Nikasema nitamwambia kesho."

Mkuu akaonyesha vipapasio kwa kidole. "Wenye vinne ni wale ndugu zake wembamba. Mkulima akiwa na bango lenye mchoro huu shambani, atawachanganya."

"Najua, mama. Kuhesabu nilimfundisha mimi."

Akachukua wembe. Kukwangua wino kunataka mkono mwepesi, la sivyo karatasi inatoboka. Mara tatu aliuweka wembe chini. Hatimaye akakwangua, akapuliza vumbi jeusi, akachora upya, vitano kila upande. Vikatoka sawasawa. Hapo ndipo palipomchoma: hakuna ambaye angejua kuwa pale palipita mkono wa mtu mwingine.

Jioni alimkuta mkewe akikunja nguo za marehemu, akamsimulia.

"Umefuta?"

"Kidogo tu, mama watoto. Palikuwa na kosa."

"Si lilikuwa kosa lake?" mkewe akasema. "Ungeniletea kwanza nilione."

Bwana Nukta akaketi sakafuni kando ya zile nguo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, akalia kwa sauti. Mkewe akamwacha alie.