Maneno Yaliyomshinda Baba

Leo nimetoka kwenye nikaha ya mjukuu wangu, na tangu hapo naikumbuka yangu.

Ilikuwa Gando, kabla ya Mapinduzi.

Mama alinipaka hina kwa mkono wa kushoto. Wa kulia baba alikuwa ameuumiza kwa bakora, na nyumba nzima tukajifanya hatuoni.

Baba ndiye wa kuniozesha. Maneno ya Kiarabu alikwisha kuyahifadhi, na dada zangu wote aliwaozesha kwayo.

Lakini shehe wetu, msomeshaji wa darsa za ndoa, akamzuia.

“Sema na kwa Kiswahili, Mzee Hamadi. Kijana ajue anapewa kwa sharti gani.”

Sisi wanawake tulikuwa ndani, dirisha la barazani wazi. Baba kamshika mkono bwana harusi.

“Nakuoza binti yangu, ukae naye kwa wema...”



Watu walidhani kasahau. Wallahi, hakusahau.

Mama akasogea dirishani, mkono umefungwa kitambaa.

“Au umwache kwa wema,” akasema taratibu. “Malizia, mume wangu. Hata mimi ulipewa kwa maneno hayo hayo.”

Jamani, kwenu maneno haya husemwa kwa lugha gani?