Kaburi la Bibi

Mama Anaeli hakuwahi kukata uzi kwa meno. Hata kama mkasi uko mbali na nguo ameishika kwa mikono miwili, aliinuka akaufuata. Mafundi wenzake wa soko la Kwa Sadala walimcheka, maana wao hung'ata uzi huku wakizungumza na wateja. Yeye alijibu tu kwamba alifundishwa hivyo.

Nilimfahamu mwaka 1996, akiwa na miaka sabini na sita. Alikuwa mjane. Watoto wake walikuwa Arusha na Dar es Salaam, na kahawa katika kihamba chake, shamba la ukoo, ilikuwa imezeeka, kwa kuwa bei haikumpa mtu moyo wa kuihudumia. Tangu mitumba ilipojaa, hakuna aliyemletea kitambaa kipya. Alikuwa akipunguza suruali za Wazungu wanene ziwatoshe watu wa Hai, na kazi hiyo sikumsikia akiilalamikia.

Mwaka huo usharika wetu ulikuwa ukijiandaa kwa jubilei, nami, mwalimu wa shule, nilikuwa katibu wa kamati. Nyuma ya kanisa palikuwa na kaburi lisilo na maandishi ambalo watu wote waliliita kaburi la Bibi. Kutoka Ujerumani, shirika la misheni lilitutumia picha moja: mwanamke wa Kizungu, mwembamba, amevaa aproni, amesimama mbele ya nyumba ya mchungaji. Barua iliyoambatana nayo ilisema kwamba kule hawamjui ni nani. Mwenyekiti wetu, Mzee Ebenezeri, hakuwa na shaka. Huyo ni Luise, mke wa mchungaji Mzungu aliyejenga kanisa, na ndiye aliyelala pale. Jina lilikuwa limeshapelekwa kwa fundi wa mawe kule Njoro, mjini Moshi.

Niliipeleka picha kwa Mama Anaeli kwa sababu alisoma pale misheni akiwa msichana, nasi tulitaka mwaka wa kifo. Mzee Ebenezeri alifuatana nami na koti lake chini ya kwapa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Na wewe Ebenezeri, koti limekuzidi tena?"

Akaichukua picha, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Bibi Johanna," akasema.

"Luise, Mama," Mzee Ebenezeri akamsahihisha. "Bibi wa mchungaji."

"Luise tulimwita Mama. Huyu ni dada yake mchungaji, hakuolewa. Pale misheni, aliyeolewa ni Mama, asiyeolewa ni Bibi. Ukichanganya unachapwa."

"Lakini bibi si ndiye mke? Bwana na Bibi?"

"Hayo ni ya kadi zenu za harusi."

Nilicheka. Mzee Ebenezeri hakucheka. Alisema picha za zamani zinafanana, na macho ya uzee si ya kuaminika.

"Macho yaache," Mama Anaeli akamwambia. Aliweka kidole kwenye mfuko wa aproni. "Mfuko huu nimeushona mimi. Unaona ulivyokwenda upande? Alinifumulisha mara mbili, mara ya tatu akachoka, akauvaa hivyo hivyo."

"Miaka sitini unakumbuka mfuko?"

"Nakumbuka hata gauni lako la ubatizo, na ulivyolilowanisha mbele ya watu."

Kisha akaacha utani. Mama Luise, alisema, aliondoka nchini akiwa mzima. Yeye mwenyewe alimbebea kikapu hadi stesheni ya Moshi. Bibi Johanna alikufa hapa kwa homa, mwaka wa 1937, na sanda yake ilishonwa na wanafunzi wake.

"Mkiandika Luise, huyu hatakuwa popote. Mtoto hakuacha. Kwao hawamjui, mmesema wenyewe. Fundi anachonga lini?"

"Leo," nikasema.

"Sasa mmekaa hapa mnafanya nini?"

Tuliteremka mjini. Fundi Yassin alikuwa amemaliza kuchonga neno Bibi. Luise lilikuwa bado la chaki. Mzee Ebenezeri alilitazama kwa muda mrefu, akalifuta kwa kiganja chake mwenyewe, akamtajia fundi herufi za jina jipya moja moja. Chini yake tuliongeza: mwalimu wa kushona, 1937. Koti lake lilibaki kwa Mama Anaeli, na alilipata limepunguzwa kupita kiasi.

Siku ya jubilei Mama Anaeli hakufika. Miguu ilikuwa imevimba. Jioni nilipita kwake nikamsomea maneno ya jiwe kutoka kwenye karatasi, naye akanitaka niyarudie. Nikarudia. Aliuliza kama mvua iliwaharibia watu chakula, nikamwambia haikunyesha.

Alifariki wiki ya tatu baada ya hapo, nikiwa masomoni Morogoro, kwa hiyo sikumwona tena. Nilipokuwa nikiaga jioni ile, aliniita nikiwa nimeshafika mlangoni.

"Kuna mwenzetu wa darasa, Lukresia, aliolewa Sanya Juu. Nenda ukamwambie kaburi limeandikwa. Usichelewe, anajifanya mzima yule."