Neno Lisilosemwa Mlingotini

Tarehe 6 Agosti 2009, baharia mmoja mwanamke alipoteza nusu ya kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Kilinaswa kwenye kapi, lile gurudumu dogo linalopitisha kamba, akiwa juu ya mlingoti wa meli ya matanga. Alipiga kelele: "Legeza!" Upepo ukameza mwanzo wa neno, na walioshika kamba chini wakasikia "ongeza". Wakaongeza.

Tangu hapo mabaharia wenzake wanamwita Tisa na Nusu, naye huitika. Sasa ni mkuu wa mlingoti wa mbele katika meli hiyohiyo, yenye milingoti mitatu. Siku alipopewa cheo alitoa amri moja ya kwake: neno "legeza" limekufa. Kamba ikitakiwa kuachiwa, mtu aseme "mwaga". Atakayesema lile la zamani atasafisha vyoo wiki nzima, awe nani, awe nani.

"Hata nahodha?" aliuliza mpishi.

"Nahodha ana vidole kama wewe."

Mwaka huu mdogo wake alimjia nyumbani, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu. Alikuwa na haja.

"Dada, mtafutie shemeji yako kazi melini."

"Shemeji yangu ni kinyozi."

"Alikuwa kinyozi. Jengo lenye kinyozi chake limevunjwa, na sasa kutwa yuko nyumbani ananifundisha kukata vitunguu."

Tisa na Nusu alicheka, lakini moyo haukutaka. Anayefanya kazi juu roho yake iko mikononi mwa aliye chini, na ndugu akiboronga, kumfukuza ni kuvunja nyumba mbili. Mwishowe alikubali safari moja ya majaribio. Shemeji akikosea hata mara moja, harudi, na mdogo mtu asinune.

"Nitanuna kidogo tu," akasema mdogo wake.

Siku ya safari alimweka shemeji kwenye kamba ya kukusanyia tanga la juu, pamoja na seremala wa meli, mtu wa siku nyingi. Kabla ya kupanda, alimhoji.

"Maneno ni mangapi?"

"Matatu, Shem. Vuta, shika, mwaga."

"Na ukisikia la nne?"

"Nashika."

"Mbona unatabasamu?"

"Unanitazama kama mteja anayeona wembe kwa mara ya kwanza."

Alasiri wingu jeusi lilitanda upande wa kulia, na bahari chini yake ikageuka rangi ya risasi. Nahodha akaamuru tanga la juu likunjwe upesi. Tisa na Nusu alipanda, akafunga mkanda wa usalama, akakanyaga kamba nyembamba inayoning'inia chini ya foromali, ule mti wa kukingama unaobeba tanga, na kulaza tumbo juu yake. Tanga lilikuwa limejaa upepo, gumu kama ubao. Chini walikuwa wanavuta ili likusanyike, na kila walipovuta, mti ulitetemeka mpaka kwenye mbavu zake.

Mara meli ikalala upande. Alitupa mkono ashike chochote, akashika kamba iliyokuwa inakimbia. Kamba ikaibeba glavu yake moja kwa moja hadi kwenye kapi, vidole vikiwa ndani. Mkono wa kulia, ule mzima.

"Legeza!"

Alilisikia neno likitoka, akajua amejimaliza. Miaka yote ile ulimi ulikuwa umelificha.

Kutoka juu aliona vichwa viwili. Maneno yao alisimuliwa baadaye.

"Kasema ongeza!" seremala alipaza sauti. "Vuta!"

Shemeji hakuvuta. Alizungusha kamba kwenye kigingi, akaiegemea kwa uzito wake wote.

"Wewe vuta! Unangoja nini?"

"Nashika."

"Tanga litapasuka!"

"Na lipasuke."

Huko juu kamba ilishtuka mara moja, ikabana, ikatulia. Haikwenda mbele wala nyuma. Ncha za vidole zilikuwa zinawaka, kisha zikaanza kufa ganzi. Tisa na Nusu alivuta pumzi mpaka ikafika tumboni, akausubiri upepo upumzike.

"Mwagaaa!"

Kamba ikalegea kiasi cha shubiri moja. Mkono ukachomoka. Glavu ilibaki kwenye kapi, inapunga upepo kama mtu anayeaga. Alivihesabu vidole kwa macho, halafu akamaliza kulifunga tanga, kwa sababu wingu halikuwa na habari naye.

Aliposhuka, seremala alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Tisa na Nusu alimwendea shemeji.

"Ulisikia nini?"

"Ongeza. Wazi kabisa, Shem."

"Sasa mbona hukuvuta?"

"Halimo kwenye yale matatu. Mteja akitikisa kichwa, wembe unasimama. Nywele zikishatoka huwezi kuzirudisha."

"Wala kidole," akasema.

Mpishi alichungulia mlangoni kwake. "Nani kalisema lile neno? Nimelisikia mpaka jikoni!"

Seremala alitazama baharini. Shemeji alitazama kigingi. Tisa na Nusu akainua mkono wa kulia, vidole vyote vitano vimevimba.

"Mimi."

Shemeji ameajiriwa. Meli inang'oa nanga tena Jumatatu, naye atakuwa kwenye kamba ileile. Vyoo, wiki hiyo nzima, vitasafishwa na mkuu wa mlingoti wa mbele.